Mawe Saba ya Kituo cha Kumi

Kwetu Kamina hakuna mlima wa theluji, ule ninaouota tangu kitabu cha jiografia cha shule ya msingi. Kuna kilima tu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka parokia, na juu yake msalaba wa vyuma vya reli. Ijumaa Kuu kinatutosha. Tunakipanda tukisali Njia ya Msalaba, kila mtu na jiwe lake mkononi, jiwe la kando ya reli. Jiwe hilo ni ombi lake. Ukiliweka chini kabla ya kufika msalabani, umeliacha ombi njiani, ndivyo tulivyolelewa.

Mwaka ule mama hakuweza kupanda. Magoti yalikuwa yamevimba. Akanipa jiwe lake nilibebe badala ya langu.

"Ni ya yaya yako," akasema. Yaya, kaka yangu mkubwa, alikwenda kuchimba madini mbali, na tangu mvua za kwanza simu yake ilikuwa kimya.

"Mama, nitie alama na makala ya jiko?"

"Alama ya nini? Mungu anajua jiwe yangu. Weye usiiweke chini tu. Na usiote ndoto mu njia!"

"Miye? Hapana!"

Nilipanda nikiimba na wenzangu. Kwenye kituo cha kumi kuna mti, na chini yake waliochoka huacha mawe yao. Hapo hapo mama mmoja mbele yangu, mtoto mgongoni, aliteleza kwenye changarawe. Nikaweka jiwe chini, penye yale mengine, nikamshika mkono kwa mikono miwili.

"Aksanti, mutoto yangu."

Nilipogeuka, niliona mawe saba. Yote ya kijivu, yote yenye kona. Nikaokota moja, nikalipima mkononi, nikalirudisha. Nikaokota lingine.

"Eh, petit," mzee mmoja akanitania akipita, "uko unachagua viazi?"

Mimi ni mtu wa kucheka, lakini sikucheka. Nilimwona yaya chini ya ardhi, ndani ya shimo, na mimi nimemwacha chini ya mti. Ningeweza kuchukua lolote, nani angejua? Nikavua koti, nikayafunga yote saba, nikayaweka begani.

Nilifika juu padri amekwisha kubariki, watu wanashuka. Nikayapanga chini ya msalaba moja moja. Kwa kila moja nilisema: "Bwana, kama hili ni la yaya, umkumbuke. Kama silo, umkumbuke aliyeliacha."

Nyumbani nilimwambia mama yote, macho yangu chini.

"Saba?"

"Saba, mama. Bega bado linauma."

Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho na ncha ya kikwembe alichojifunga.

"Na wale sita, bako na shida gani?"

"Sijui."

"Basi tutabaombea bila kujua."

Yaya bado hajapiga simu. Kila jioni, rozari ikiisha, mama anaongeza Salamu Maria saba: ya kwanza ya mtoto wake, sita za watu walioishiwa nguvu kituo cha kumi. Mimi nikianza kwenda mbali na ndoto zangu, ananigusa goti.

"Bado mbili," anasema. "Usiruke ya mwenzako."