Dakika Tano za Kila Asubuhi

Kila asubuhi jirani yangu wa mtaa wa Tuwan, mwalimu mstaafu, huwasha gari lake, hutazama saa ya mkononi kwa dakika tano, kisha hulizima na kufuta usukani kwa kitambaa kilekile cha buluu. Gari halitoki langoni. Linangoja siku ambayo mkewe, anayeugua moyo, atahitaji kukimbizwa kwa daktari wake Bungoma. Juzi taa za dashibodi zilianza kuwaka na kuzima na king'ora kikalia bila kuguswa, kikamshtua mgonjwa, ndipo mwalimu akaniita, maana mimi ni fundi wa magari. Nilipima betri, nikamweleza kwamba kila anapowasha gari hutumia umeme mwingi kuliko ule unaorudi kwenye betri kwa dakika tano.

"Ati ni mimi naimaliza, Gathoni?"

"Gari linahitaji kuendeshwa, mwalimu. Saa nzima, kila wiki."

"Saa nzima! Na mama watoto nitamwachia nani?"

 Alisugua ufunguo kwa kidole gumba kwa kitambo, kisha akaniwekea kiganjani ufunguo ambao hata mwanawe hajawahi kuushika. "Basi endesha wewe. Fika Kiminini, urudi." Nilipotoka langoni, nilimwona kwenye kioo amesimama palepale gari lilipokuwa, akitazama saa.