Pikipiki ya Banda la Kuku

Miaka hiyo bodaboda zilikuwa bado hazijajaa Nairobi, na mtu wa ofisi kama mimi aliyependa pikipiki kuukuu alionekana ana kasoro. Jumamosi moja mwanamume wa rika langu alinipigia simu: babake alikuwa na pikipiki ya Kiingereza, nije Kabiria nione. Nilikodi pikapu Hurlingham nikaenda.

Ilikuwa ndani ya banda la kuku. Kinyesi kilikuwa kimeganda juu ya tangi kama saruji. Nilipofungua kisanduku cha spana nilikuta vitoto vya panya, vyekundu, havina manyoya, vikijinyonganyonga. Mwenyeji wangu alikuwa anatafuna mahindi ya kuchemsha. Aliviokota, akavitupia kuku, akaendelea kula kwa mkono uleule.

"Hiyo ni kitu safi, bosi," alisema.

Tulikubaliana bei. Tukiwa tunaisukuma kuelekea langoni, babake alitoka nyumbani. Suruali yake ilikuwa imelowa, na harufu ya mkojo ilinifikia kabla yake.

"Mnapeleka wapi pikipiki yangu?"

"Rudi ndani, baba," mwanawe alisema bila kugeuka. Kisha akaniambia, "Usimskize. Hata jina yangu hajui."

Lakini pikipiki aliijua. Alishika usukani, na vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye klachi. Mwanawe akavibandua kimoja kimoja. Mimi nilishika upande wa pili, nikaendelea kusukuma. Hilo linanitia kinyaa hadi leo, kuliko wale panya.

Kuitengeneza kulinichukua miezi minane. Petroli iliyobaki tangini ilikuwa imegeuka uji mweusi wa kunata, nikaukwangua kwa waya. Nilizunguka River Road nikitafuta beringi na msasa. Kila kipande nilikiosha kwa dizeli, lakini siku ya kwanza kuiendesha, injini ilipopata moto, harufu ya mavi ya kuku ilipanda kutoka kwenye silinda hadi puani. Nilisimama kando ya barabara nikatapika. Kisha, badala ya kurudi nyumbani, nikaenda Kabiria.

Mzee alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, amelowa vilevile. Nilimsaidia kupanda. Akakaa wima, akapapasa tangi.

"Nzuri sana," aliniambia kwa adabu. "Wewe ulinunua wapi?"

Mwanawe alitoka, akaizunguka pikipiki, akapiga tairi kwa kiatu.

"Kumbe inaweza kuwa hivi? Basi ile bei ilikuwa ya chini. Lazima uniongeze."

"Mwoshe baba yako kwanza," nilisema.

Aliitazama ile suruali kama mtu anayetazama doa kwenye ukuta wa jirani, akarudi ndani.

Nilichota maji kwenye pipa mwenyewe, nikampeleka mzee nyuma ya nyumba. Ningependa kusema nilimwosha kwa upole. Nilimwosha nimeugeuzia ukuta uso wangu, nimezuia pumzi, nikiharakisha. Alinishika bega asianguke. Tulipomaliza alinishukuru, akaniita kwa jina ambalo si langu.

Sikurudi tena. Pikipiki niliiuza mwezi uleule kwa daktari mmoja, na alipouliza ilikotoka, nilimwambia sikumbuki.