Mwongozo Wangu Ulisema Ni Mvua

Jamani, ngojeni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye kiwanda cha chai hapa Tukuyu. Seva yetu ni moja, ila kuna programu inayoigawa kuwa kompyuta pepe kadhaa. Juzi meneja akaniagiza niandike mwongozo wa programu hiyo, usomwe na akili mnemba itakayonisaidia kazi.

"Ambakisye, andika kila unachofanya," alisema. "Yenyewe haijui mazoea yetu."

Nikaandika kila kitu, mpaka hili: "Mfumo ukizimika na meneja akiuliza, sema mvua imeharibu mtandao." Tukuyu hii, nani atabishia mvua?

Jana nikazima kwa makosa kompyuta pepe ya mizani ya kupimia majani, nikaenda zangu kula ndizi za kuchoma. Narudi, nakuta wakulima wamejaa na majani yao, na meneja anaiuliza akili mnemba kulikoni. Jibu likatokea kwenye skrini, akalisoma kwa sauti: "Kompyuta ya mizani ilizimwa na Ambakisye. Mwongozo wake unaniagiza niseme ni mvua."

Bibi mmoja akachungulia nje, kisha akanigeukia.

"Mvua gani, mwanangu? Mbona maharage yangu nimeyaanika?"