Kiti Chekundu Msibani

Mama yangu alikuwa na goti la bandia, chuma juu na chini, katikati plastiki. Aliwekewa Lubumbashi, enzi baba yangu alipokuwa hai na kazi yake mgodini. Daktari alimkataza jambo moja: asikae chini sakafuni, asilikunje goti hadi mwisho. Mama alilishika katazo hilo kama amri ya kanisani, nami lilinichosha. Nilipoolewa Nchelenge, ng'ambo ya mpaka, alihamia karibu nami, na popote alipokwenda alibeba kiti chake chekundu cha plastiki.

Mwezi mmoja kabla ya msiba alianza kulalamika. "Kuko kintu inatembea mu goti," alisema. "Inapiga tak, tak." Nikamjibu kwamba uzee nao hupiga tak tak. Wanangu walicheka, nikajiona mchekeshaji.

Kisha baba mkwe wangu akafariki. Huku wanaume hukaa nje penye moto, wanawake ndani, chini kwenye mikeka. Mama akaingia na kiti chake, akakaa juu ya vichwa vya wakwe zangu kama mkaguzi. Wifi mmoja akauliza kwa Kibemba kama sisi Wakongo huwa tunakuja msibani kusuka watu nywele.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwinamia Mama. "Shuka. Unanipatisha haya."

"Munganga alinikatalia kwikala chini."

"Munganga haiko hapa. Mimi ndiye niko hapa."

Nikakivuta kiti. Akashuka polepole, ameshika bega langu, na goti lilipokunjika kabisa nikasikia mpasuko mdogo, mkavu, kama kifuniko cha kalamu kilichokanyagwa. Mama akapiga ukelele. Wanawake wakampokea, chumba kizima kikalia naye, na maneno yake yakazama humo. Wifi yangu mkubwa akamlalia mapajani. Kadiri alivyojaribu kuinuka ndivyo walivyomkandamiza wamfariji. Nami, Mungu anisamehe, niliona fahari. Mpasuko nilikuwa nimeusikia, lakini nilijisemea: leo Mama amenitoa kimasomaso.

Hospitalini walisema kinundu cha plastiki kinachozuia mifupa isiteleze kimekatika, na kwamba kilikuwa na ufa tangu zamani. Kipande cha aina ile walikitafuta wakakikosa. Mwishowe waling'oa chuma na plastiki vyote, wakaunga mfupa na mfupa. Mguu wa Mama sasa haukunjiki kabisa. Akikaa, watu wanauruka.

Mwaka jana shangazi wa mume wangu alifariki. Mawifi walikuja wenyewe kumwalika Mama, eti anajua kulia, alimlilia mzee wao kuliko hata wao wanawe. Safari hii, walisema, wamemwandalia kiti cha mbao, chenye mto. Mama akawashukuru vizuri. Walipotoka akanigeukia.

"Sikulia muzee wabo," alisema. "Nilikuwa naita weye. Na weye ulikuwa umesimama pale, na kiti yangu mu mukono."