Nguva na Baba Mkwe Wake

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Lamar Scoggins ilifika miaka kumi na tisa. Siku alipokwenda kumposa Noreen, baba wa binti, Mzee Virgil Thigpen, fundi umeme mstaafu, alimuuliza anafanya kazi gani kule kwenye bustani ya burudani. Akajibu yeye ndiye msimamizi wa jenereta. Jenereta gani! Kazi yake ilikuwa kuvaa vazi la nguva, yule mnyama mnene wa mito yetu ya Florida, na kukumbatia watoto wa watu.

Najua kwa sababu mimi ndiye ninayemshika pezi na kumwongoza. Ndani ya kile kichwa huoni hata miguu yako. Na sheria ni moja: nguva hasemi, wala havui kichwa mbele ya mtoto. Ukiivunja, kazi huna.

Kwetu Kissimmee kimbunga kikitangazwa, watu huzamisha viti vyao kwenye bwawa la kuogelea visije vikaruka, kisha hukimbilia hoteli ya bustani, maana kule taa hazizimiki. Noreen, ambaye siri ya mumewe aliijua, akamleta baba yake na mashine yake ya oksijeni.

"Leo tutaziona hizo jenereta za mkwe wangu," mzee akawa anamwambia kila mtu mapokezi.

Saa tisa alasiri tukafungiwa kwenye ukumbi usio na madirisha: watu mia nne, mbwa, kasuku na jogoo mmoja. Meneja akamtuma nguva awatulize watoto. Basi paa linanguruma, na watu wazima na akili zao wamepanga foleni wapige picha na nguva. Saa kumi taa zikazimika, na jenereta zikagoma kuwaka. Mashine ya mzee ikalia kidogo, ikanyamaza.

"Mwiteni Lamar," mzee akasema huku anahema. "Si ndiye bwana wa jenereta? Yuko wapi?"

Noreen akamtazama nguva. Nguva akatazama sakafu. Nilipandwa na hasira nikamsonya waziwazi.

Muuguzi wa hoteli akasema kwenye redio yangu ya mkononi kwamba mitungi ya oksijeni imefungwa ukutani ghorofa ya tatu, mgonjwa apelekwe huko. Lifti imekufa. Lamar akachuchumaa, akajipigapiga mgongo.

"Huyu mnyama anataka nini?"

"Anataka kukubeba, baba."

Akambeba. Mimi mbele na tochi, nyuma yetu watoto kama arobaini wanaimba, wakidhani ni gwaride, na jogoo naye kafuata. Kichwa hakingeweza kuvuliwa. Jasho lilimtoka Lamar hadi ngazi zikateleza.

"Wewe una adabu," mzee akamwambia sikioni. "Mkwe wangu angekuwa ameshanipa visingizio kumi."

Mzee akapata oksijeni, rangi ikamrudia. Mimi na Noreen tulilia, hatukuona haya.

Asubuhi Lamar akaja na nguo zake za kawaida, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mzee, yule nguva ni mimi. Jenereta sijawahi kuigusa maishani."

Mzee akamkodolea macho. "Lamar, mengi nimekuvumilia. Lakini kuiba wema wa mtu mwingine? Huna hata haya?"

"Baba, ni kweli," Noreen akasema.

"Na wewe unamfunika tu, kama kawaida yako."

Nikaapa na mimi. Akaniambia nisiingilie mambo ya familia.

Tangu hapo kila Alhamisi mzee anakuja na mtungi wake wa magurudumu, anapanga foleni na watoto wa miaka minne, anamkumbatia nguva na kumnong'oneza. Mimi nasikia, maana niko palepale. Mara nyingi ni kumsengenya Lamar, na Lamar anatikisa kichwa kile kikubwa kukubali.

Alhamisi iliyopita alisema hivi: "Daktari anasema mapafu yangu hayafiki Krismasi. Noreen sijamwambia. Yule mkwe wangu ni mwongo, tena mwongo hasa. Lakini binti yangu anacheka naye kila siku ya Mungu. Nikimwacha mikononi mwake, sina wasiwasi. Usimwambie, atavimba kichwa."

Watoto walikuwa wanatazama.  Nguva akamkumbatia mzee kwa mapezi yote mawili, hakumwachia, nikawaambia wa nyuma wasubiri.