Mbwamwitu wa Mwalimu Sayrakan

Kazi yangu shuleni ni kuwasha majiko na kufagia, kwa hiyo yanayopita madarasani nayajua kuliko hata mkuu wa shule. Nasema wazi: Mwalimu Sayrakan alikuwa na wivu. Wivu wa kununa, wa kuonekana hata ukiwa umempa mgongo.

Miaka ishirini na sita kipenzi cha watoto wadogo alikuwa yeye peke yake. Kila vuli, kondoo wakishateremshwa kutoka malisho ya juu, alilikalisha darasa la pili na kulisimulia kwamba alipokuwa na miaka tisa, asubuhi moja wanaume hawapo, mbwamwitu akaja zizini, na yeye akasimama mlangoni akigonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko mpaka yule mnyama akatimua mbio. Hata wazazi wa watoto hao walikua wakikisikia kisa hicho. Wanaume wazima wenye ndevu walimwita mwalimu wa mbwamwitu, naye alinyanyua kidevu.

Ndipo akaja mwalimu mpya wa darasa la tatu, Jypar, kutoka mjini Naryn. Mwembamba, sauti ya chini, mimi sikuona la ajabu kwake. Lakini wiki mbili hazikupita, watoto wakawa wanagombania kumbebea mkoba. Sayrakan akaanza kuhesabu nani kamsalimia nani kwanza. Siku Jypar alipotuletea boorsok, maandazi yetu madogo, alizokaanga mwenyewe, sote tulikula. Sayrakan alidai tumbo linamsumbua, kisha nikamkuta jikoni kwangu anatafuna mkate mkavu.

Makaa yalipopungua mwezi wa kwanza, mkuu aliunganisha darasa la pili na la tatu katika chumba kimoja chenye joto. Ikabidi Sayrakan akae nyuma amwangalie mwenzake akifundisha. Jamani, hiyo ilikuwa adhabu.

Somo lilikuwa kutenganisha yaliyotokea na yaliyobuniwa. Jypar alitandika mazulia mawili ya sufu, la kahawia kwa mambo yaliyotokea, jeupe kwa ya kubuni. Kila mtoto aliandika kisa chake kwenye karatasi, na wenzake wakauliza: nani aliona? Tumuulize nani mwingine? Kisha kila mmoja akaweka kifupa cha kifundo cha kondoo, vile wanavyochezea uani, kwenye zulia alilochagua, na palipo na vifupa vingi ndipo karatasi ilipolala. Mbweha anayesema alikwenda kwenye jeupe bila kesi. Farasi wa kina Toktosun aliyekula kofia ya daktari wa mifugo naye alikuwa anaelekea huko huko, ila nilimtetea mimi, ufagio mkononi, maana nilikuwepo.

Watoto walicheka, wakabishana, wakasahau kama kuna mtu nyuma. Sayrakan akashindwa kuvumilia. Akaandika kisa chake ukurasa mzima, akakiweka katikati.

"Hiki hakina haja ya vifupa," alisema. "Aliyeona ni mimi."

Jypar akasema kwa adabu kwamba sheria ni moja kwa wote: watoto wakaulize nyumbani, kesho wataamua. Sayrakan akatabasamu. Alikuwa na hakika kwamba kesho yake watoto watamrudia.

Kesho yake akasimama Kanyshai wa darasa la tatu. Bibi yake, Uulkan, kiangazi kile cha mbwamwitu, huko malishoni, hema lao lilikuwa jirani na la kina Sayrakan.

"Bibi anasema mbwamwitu alikuja kweli, na kifuniko ni kweli," alisema. "Lakini aliyegonga ni dada yako Batma. Wewe ulikuwa ndani ya blanketi unalia."

Niliacha kuchochea jiko. Jypar akawahi kumsitiri mwenzake: "Hayo ni mambo ya zamani, Kanyshai. Wazee nao husahau. Karatasi hii tunaweza kuiacha hapo katikati."

Ilikuwa huruma safi, na ndiyo iliyomchoma Sayrakan kuliko yote. Aibu angeimeza. Kuokolewa na Jypar, hapana.

"Bibi yako hajasahau," alisema. "Ni Batma."

Akachukua penseli, akakata "mimi" kila ilipokuwa, akaandika Batma. Huku akikata alieleza kwamba siku ile baba yao alimpakia Batma mbele yake juu ya farasi, akampitisha hema kwa hema akimsifu, na yeye Sayrakan akafuata nyuma kwa miguu. Batma alipoolewa mbali, kisa alikiacha kama koti msumarini, na yeye akalivaa.

Vifupa vyote ishirini na tatu vilikwenda kwenye zulia la kahawia. Mikono ikainuka. Batma yuko wapi? Anashona nguo Moscow. Ana kovu? Atakuja lini? Sayrakan alijibu moja moja, uso umemwiva, na kila jibu lilimtoka kwa shida. Hakuna aliyemuuliza lolote la kwake.

Toktosun, yule mtoto wa kisa cha farasi, akataka kujua Batma alishika kifuniko kwa mkono gani.

"Wa kushoto," Sayrakan alisema. "Mwiko kulia. Alikuwa pekupeku. Nilichungulia, nikamwona." Akaiweka penseli chini. "Nilitamani niwe yeye. Mpaka leo natamani."

Toktosun akaandika mkono wa kushoto, kisha akauliza kama Batma ana simu.