Disketi ya Pili

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi Mpanda nikiwa na shahada na bila kazi, nikakaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Nsemulwa. Shughuli yangu ya kwanza pale nyumbani, ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya, ilikuwa kutafuta marekebisho ya programu ambayo walioitengeneza walikuwa wameshaachana nayo.

Kompyuta ilikuwa ya shangazi. Aliachiwa na mzungu wa mradi wa visima aliyekuwa akiimba kwenye kwaya yake, ambaye aliiona ni nzito mno kurudi nayo kwao. Kioo chake kilikuwa cheusi na maandishi ya kijani, na ikiwashwa ilinguruma kama mashine ya kusaga iliyoko mtaa wa pili. Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu na mwalimu wa kwaya ambaye bado hajastaafu. Kwa kompyuta hiyo alikuwa ameandika misa nzima, nyimbo zote kuanzia mwanzo hadi kutoka, sauti nne, kwa nota za d, r, m. Ilitakiwa iimbwe kwenye jubilei ya parokia. Baada ya hapo, alisema, kwaya anawaachia vijana.

Misa yote aliiweka kwenye faili moja. Nilipomuuliza kwa nini hakugawanya, wimbo mmoja faili moja, alinitazama kama nimemuuliza kwa nini hakuzaa mtoto kwa vipande. Aliendelea kuongeza, beti juu ya beti, mpaka siku moja aliwasha, akaita faili lake, na kompyuta ikamwambia kwa Kiingereza kwamba hati ni ndefu mno na haiwezi kufunguliwa.

"Lakini ni yenyewe iliyoihifadhi jana," alisema. "Jana haikuwa ndefu?"

 Mpaka leo najiuliza: Inakuwaje chombo kikubali kupokea kitu ambacho hakiwezi kukirudisha?

Karatasi hazikuwepo. Utepe wa printa ulikuwa umekauka zamani na Mpanda hapakuwa na mwingine. Rasimu zake alikuwa akiziandika nyuma ya mitihani ya zamani ya wanafunzi, na akishazihamishia kwenye kompyuta zilikuwa zikiwashia jiko. Kwaya ilijifunza sebuleni kwake, umeme ukiwepo, watu wamebanana kwenye makochi na mikeka wakitazama kioo cha kijani, yeye akiwaonyesha nota kwa mwiko. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa ndani ya ile mashine, na kidogo vichwani mwa watu.

Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye chuoni, aliyepata kazi Dar kwenye ofisi yenye barua pepe. Nikampigia kutoka kwenye kibanda cha simu. Akawaandikia watengenezaji. Nilipompigia tena akanieleza: ndiyo, kosa hilo wanalijua, na walishawahi kutoa marekebisho yake, disketi tatu. Lakini programu hiyo imesitishwa. Hawaitengenezi, hawaitumi, hawaijibii maswali. Wanashauri tununue mpya, na mpya haiwezi kufanya kazi kwenye mashine ya zamani kama yetu.

Nilirudi nyumbani nikamweleza shangazi. Alikuwa anachambua mchele uliotoka kijiji cha Mamba kwenye ungo.

"Imesitishwa na nani?"

"Na wenyewe. Kampuni."

"Lakini iko hapo sebuleni."

"Iko, shangazi. Ila wao wanasema imekwisha."

"Sasa kilichokwisha ni kipi?"

Nilijaribu kueleza. Nilisema habari ya soko, na toleo jipya, na uungaji mkono, neno ambalo nililitafsiri papo hapo na ambalo yeye alilifahamu kutoka kwenye mikutano ya siasa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sielewi. Ng'ombe akifa unamwona amelala. Duka likifungwa unaona kufuli. Programu hii iliwaka kila tulipoiwasha, ikatuuliza tunataka nini, na bado kulikuwa na watu mahali fulani waliokubaliana kwamba haipo.

Rafiki yangu hakukata tamaa. Alizunguka kwenye maofisi ya Dar akiuliza nani bado ana zile disketi, akazipata kabatini kwa mhasibu mmoja, akazinakili zote tatu. Ikabaki kuzifikisha Mpanda. Posta hatukuiamini kwa kitu cha aina hiyo, na jubilei ilikuwa inakaribia. Shangazi akakumbuka kwamba mtani wetu yuko Dar.

Huyo alikuwa Msukuma, mfugaji na mfanyabiashara wa mpunga aliyehamia kijiji cha Kasokola na ng'ombe wake, na ambaye siku za Jumapili aliimba besi kwa shangazi. Sisi ni Wafipa, watani wa Wasukuma tangu enzi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alipoingia kwenye kwaya, yeye na shangazi walitukanana kwa raha zao na hakuna aliyewashangaa. Tulimpelekea ujumbe, akaenda ofisini kwa rafiki yangu, akapanda treni, akabadilisha Tabora, na siku moja asubuhi akasimama mlangoni na vumbi lote la reli kwenye koti lake.

"Nyie Wafipa mnanishangaza," alisema. "Usafiri wenu ni ungo, mnafika Dar na kurudi kabla uji haujapoa. Mbona mnamsumbua mtu wa treni?"

Siku nyingine shangazi angemwuliza kama ng'ombe wake wamemruhusu kusafiri. Siku hiyo alinyoosha mkono tu. "Tupe."

Akampa bahasha. Alisimama kidogo, akimtazama usoni kama anayesubiri kitu, halafu akaaga akaenda zake.

Umeme uliporudi niliingiza disketi ya kwanza. Ilisoma vizuri. Kisha kioo kikaandika: weka disketi ya pili. Ndani ya bahasha kulikuwa na disketi mbili. Moja imeandikwa 1, nyingine 3.

Niliweka ya tatu, labda rafiki yangu amekosea namba. Ikakataa. Niliweka tena ya kwanza. Ikakataa, ikaomba ya pili, kwa adabu ileile. Niliipindua bahasha, nikaikung'uta, nikaichana kabisa.

Kesho yake nilikuwa kwenye kibanda cha simu. Rafiki yangu aliapa kwamba aliziweka tatu. Mimi sikumwamini. Nilimwuliza kama aliziona kwa macho yake au alidhani tu; akaniuliza kama chuoni tulisomea upelelezi; tukaachana vibaya. Nyumbani nilitengeneza nadharia. Pengine ya pili haikuwahi kuwepo, kampuni ilikosea kuhesabu na ndiyo sababu wakasitisha. Pengine yule mhasibu wa Dar aliipoteza. Nilikishuku kila kitu kilichokuwa mbali na macho yangu, na niliona hiyo ndiyo akili.

Wakati huo kwaya ilikuwa haina pa kusoma. Shangazi akaamua kuijenga misa upya kutoka vichwani. Aliwaita sauti moja moja. Waimbaji wa sauti ya kwanza wakakumbuka yao, wa pili yao, wakagombana kuhusu ubeti wa mwisho. Wimbo wa matoleo ndio uliowasumbua, maana walikuwa wameuimba mara chache tu kabla faili halijagoma kufunguka. Besi mmoja mzee akasema unapanda. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tena akasema hapana, pale kwenye neno "pokea" unashuka. Shangazi alifumba macho akaimba kimoyomoyo, midomo inacheza, kisha akasema unapanda. Wakaushika hivyo, na kusema kweli ulikuwa mzuri. Lakini sebuleni, watu wakishaondoka, niliona anaiwasha kompyuta na kukaa mbele ya kile kioo kinachoomba disketi ya pili.

"Nataka kuona niliandika nini," aliniambia. "Nikiisimamisha mbele ya watu wote wale, iwe ni ile niliyoitunga. Siyo tuliyookoteza."

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mtani akatukuta tumesimama.

"Vipi, baba msomi," aliniambia, "mnyama wenu anatembea?"

"Mnyama gani?"

"Yule wa miguu mitatu."

Mimi nilidhani amesikia habari kwa wanakwaya, nikaanza kumweleza kwamba Dar walikosea. Shangazi akaniwekea mkono kifuani. Alikuwa anamtazama yule mtu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu uso wake ulilegea.

"We mla maziwa," alisema. "Umeichukua."

"Mimi nimechukua nini? Mfipa akinituma mzigo Dar bila hata kuku, mimi nichukue nini?"

"Umeichukua tangu kwenye treni."

"Niliona ziko tatu, zimefanana kama mapacha. Nikasema nikimtoa mmoja wawili watawatosha mpaka mje kunikomboa. Nikasubiri mnikasirikie. Kimya. Nikasema hawa Wafipa safari hii wameokoka."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta wa kanisa. Mimi sikucheka. Nilijaribu kumweleza yule mtu kwamba disketi tatu siyo mbuzi watatu, kwamba zote ni kitu kimoja kilichokatwa, kwamba bila ya kati hizo mbili ni plastiki tu. Alinisikiliza kwa heshima.

"Sasa kama ni kitu kimoja," akauliza, "kwa nini walikikata?"

 Nilisema ni kwa sababu ya nafasi. Naye akasema ng'ombe wake nao wana shida ya nafasi, lakini hajamkata hata mmoja.

Nilitaka kukasirika, ila mtani hakasirikiwi. Ukikasirika faini inaongezeka. Mchana huo shangazi alikwenda Kasokola na jogoo mwekundu kwapani, akampigia magoti ya mzaha, akaambiwa jogoo ni mwembamba kama Mfipa mwenyewe, na akarudi na disketi. Ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuning'inizwa jikoni juu ya moto, mahali ambapo kwa mtani huhifadhiwa mbegu ili zisiliwe na wadudu. Ilinuka moshi. Niliifuta kwa shati langu nikiwa na hakika kwamba imeharibika, nikaiingiza. Mashine ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Halafu ikaomba ya tatu.

Faili likafunguka. Shangazi alivuta kiti. Alishuka ukurasa kwa ukurasa, akihesabu mapigo kwa kidole kwenye goti. Kwenye wimbo wa matoleo akasimama.

Pale kwenye "pokea," wimbo ulikuwa unashuka.

Akaimba ulivyoandikwa. Akaimba kama kwaya ilivyoushika. Akarudia vyote viwili, na mimi nikakiri moyoni kwamba sikuweza kusema upi ulikuwa wa mtu mmoja na upi wa watu wengi.

"Ipi ndiyo yako?" nikamwuliza.

"Sijui, baba."

"Lakini hii ndiyo uliyoiandika."

"Unajuaje? Kama ilikataa kufunguka, itashindwaje kubadilisha nota?"

Nilimwambia haiwezekani, kosa la programu halitungi muziki. Kisha nikajiuliza nimelijulia wapi hilo. Marekebisho yenyewe yalikuwa nakala ya nakala, yamekaa kabatini kwa mhasibu na juu ya moshi Kasokola. Na yeye je, alipofumba macho mbele ya wanakwaya, alikumbuka au alitunga tena? Kila nilipokanyaga palizama.

 Jubilei ilikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja, na kwaya ilikuwa imeshaushika wa kupanda. Mwishowe akasogeza alama ya kuandikia mpaka kwenye "pokea," akafuta nota, akaandika nyingine, sauti zote nne. Nilimwomba anipe nafasi nihifadhi ule wa kwanza kwa jina lingine.

"Wa nini?"

"Ili tujue."

"Tutajua nini?" alisema, na akahifadhi juu yake.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa mpaka nje. Nilisimama pembeni ambapo niliweza kumwona usoni akiongoza. Matoleo yakaanza kupita, mahindi, mpunga, kuku waliofungwa miguu. Walipofika kwenye "pokea" kwaya yote ikapanda, besi ya mtani ikiwa juu kuliko zote, na watu wakainua vichwa. Mkono wa shangazi ulipanda nao. Lakini midomo yake, ambayo ilikuwa ikiimba nao tangu mwanzo wa misa, niliiona ikiachana na yao, na kichwa chake kiliinama kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi.

Nilimwuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani. Akasema hakuimba kabisa pale, alikuwa anahesabu tu.